Mbegu Iliyopita Juu ya Pipa

Nikinusa magunzi yanayoungua, narudi nyumbani kwetu Kibomet asubuhi ile, saa kumi na mbili kasoro robo, Baba alipowasha kikaushio chake cha mahindi kwa mara ya kwanza. Alikuwa amezika mapipa mawili ya mafuta yakiwa yamelazwa, moto ukae mdomoni, moshi utokee nyuma kwa bomba, na juu yake wavu wa kumwagia mahindi. Kuni hakutaka. Magunzi yalitosha, na kila mavuno huleta mengine.

Bibi, mama yake, alikuwa amekuja kutoka Chwele kutusaidia kuvuna. Alikichukia kile kitu hata kabla hakijapata joto.

"Sasa unapika mahindi kabla hayajasagwa?"

"Mama, kaa na jua lako. Liko wapi?"

Jua halikuwapo. Mvua ilinyesha wiki nzima. Mahindi ya majirani yakaota ukungu chini ya maturubai. Yetu yalilia kama kokoto tulipoyamwaga guniani. Baba angeishia hapo, labda tungekuwa na amani. Lakini alitaka Bibi akubali ameshindwa. Jumapili, Bibi akiwa kanisani, Baba aliitungua mbegu ambayo Bibi alituchagulia ya msimu ujao, iliyokuwa ikining'inia juu ya meko na kuanza kushika masizi. Akaipukuchua, akaimwaga juu ya pipa.

Bibi alirudi akakuta kamba tupu.

"Hiyo ni mbegu yangu!"

"Ati yako? Si iko kwa boma yangu?"

Alifunga mizigo siku hiyo hiyo.

Aprili tuliipanda. Haikuota. Nilifukua mashimo kwa kidole. Punje zilikuwa laini, zinanuka. Bibi aliposikia, akaja na kifurushi cha mbegu kutoka Chwele, akapanda kipande nyuma ya jiko, kikaota chote. Baba alipomwomba iliyobaki, alikaza fundo la leso.

"Enda duka, bwana mapipa."

Miaka mingi baadaye, katika kitabu chakavu cha kilimo, nilisoma kwamba mbegu iko hai, na joto linalofaa mahindi ya unga huiua ikiwa bado mbichi. Meko hukausha polepole. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Walikuwa tu hawaulizani. Na hawakuulizana kitu tena mpaka tukamzika Bibi. Mbegu ya dukani, ambayo Baba alilazimika kununua Aprili ile, ilikula shilingi mia tatu na sitini.