Tulivyoing'oa Bustani kwa Mikono Yetu

Mwezi uliopita nilialikwa harusi pale Mowlem, mtaa wetu wa zamani. Ukumbi wenyewe mzuri, sikatai, vigae vinang'aa, viti vimevalishwa vitambaa, na kila meza imewekewa maua ya plastiki. Ya plastiki! Nilikaa na sahani yangu ya pilau, nikayatazama yale maua, hasira ikanipanda hadi jirani yangu mezani akaniuliza kama nimetafuna pilipili. Nilijua nimekaa wapi. Chini ya vile vigae palikuwa na bustani ya mimea, na mimi nililelewa humo.

Wewe uliyekulia Eastlands, huku mashariki mwa jiji, miaka ya tisini utanielewa. Mama zetu walitoka alfajiri kwenda viwandani, sisi tukabaki na ufunguo shingoni na likizo nzima bila kazi. Mama yangu hakutaka nirandarande mtaani, akanipeleka kwa Nyanya. Hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa mama mtu mzima kutoka magharibi mwa nchi, aliyeitunza ile bustani pamoja na mzee mmoja wa Majengo. Bustani ilikuwa ya umma. Kila mti ulikuwa na kibao chake, jina na matumizi kwa rangi nyeupe: huu wa tumbo, huu wa kikohozi, huu mbuzi akiula anakufa. Watu walikuja hata kutoka Eastleigh kutafuta majani ya mtoto anayeharisha. Nyanya aliwapa bure, kisha akawagombeza kwa kuchelewa kuja.

Mimi alinifundisha kwa kunikaripia. Udongo wa kule kwetu ni ule mweusi; mvua ikinyesha unaganda kwenye kiatu hadi unatembea kama bata, jua likiwaka unapasuka nyufa. "Huu udongo una kiburi," alisema Nyanya, basi tukauchanganya na mchanga na samadi kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, mikono ikanuka wiki nzima. Mama alikuwa akininusa kabla ya kunipakulia chakula. Mzee wa Majengo yeye hakupiga kelele. Kazi yake ilikuwa asmini, waridi na rehani, na kila asubuhi alikuja na mahamri kwenye karatasi ya gazeti, tukayala saa nne na chai ya rangi yenye harufu ya moshi.

Lakini kazi waliyoipenda wote wawili ilikuwa kuhamisha mmea. Hapo walikuwa mafundi, wallahi. Jana yake unaumwagilia maji hadi ushibe. Unapunguza majani, maana mgonjwa habebeshwi mzigo. Unachimba kwa kuzunguka, mkono mzima kutoka shinani, na mzizi unaukata kwa panga kali mara moja, huuvuti. Lile bonge la udongo unalifunga kwa gunia bichi na kamba ya katani. Halafu, na hapa Mzee hakusamehe mtu, unafunga uzi mwekundu kwenye tawi linalotazama macheo, ili huko uendako mmea upandwe ukilitazama jua vilevile. Siku niliyousahau uzi alinirudisha shimoni kuanza upya. "Na wewe ukihama nyumba, utapenda kuamka hujui mlango uko wapi?" Sikuusahau tena.

Nilikuwa darasa la saba alipokuja bwana mmoja na gari safi na faili kwapani. Akasalimia kwa adabu zote, akakubali chai yetu, akaisifu. Kisha akasema bustani inahamishwa. Imepatikana sehemu kubwa zaidi, yenye maji ya mfereji, na lori litakuja Ijumaa kubeba mimea. "Ningeleta vibarua," akasema, "lakini wataiua. Kazi hii inataka mafundi kama nyinyi." Aliwasifu! Alijua pa kuwashika, mshenzi yule.

Tulichimba siku tano. Nyanya, Mzee, mimi kila nikitoka shule, na akina mama wachache wa mtaani waliokuja na majembe yao. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, hebu fungua hiyo faili tuone. Nyanya hangeweza kubishania karatasi huku mmea ukingoja maji, ndivyo alivyokuwa. Tukaipanga mimea kando ya barabara, magunia yamelowa, nyuzi nyekundu zimefungwa, kila mmoja na kibao chake. Nilijivuna mimi! Nilimwambia Mama tunahamia pazuri.

Ijumaa lori halikuja. Jumamosi halikuja. Jumatatu yakaja mabati ya uzio na walinzi wenye rungu. Mzee alipokwenda kuuliza, mlinzi akamcheka. "Buda, bustani gani? Kwani wewe unaona mti hapa?" Na kweli hapakuwa na mti. Hata mashimo hayakuwepo. Tulikuwa tumeyafukia na kuyasawazisha kwa reki, kwa sababu Nyanya alisema si adabu kuacha mahali pa watu na mashimo.

Tulibeba maji kwa mitungi wiki mbili, jua la Februari likitucheka. Michache ilichukuliwa na majirani ikapandwa kwenye debe. Iliyobaki ikakauka, mingine ikaliwa na mbuzi. Watu wakapita wakisema mwenye nguvu mpishe. Niliwachukia kwa maneno hayo, na bado nawachukia.

Unajua kinachonichoma zaidi? Ng'ambo ya barabara palikuwa na uwanja wa mpira. Bwana yuleyule akaupelekea tingatinga. Vijana wa pale, ambao Nyanya aliwaita wahuni kwa sababu mpira wao ulivunja waridi, walilala chini mbele ya lile tingatinga. "Hii field haiendi mahali!" Walilala kutwa nzima, likarudi lilikotoka. Hawakujua kufunga gunia wala kukata mzizi. Walijua kukataa. Uwanja upo hadi leo, nenda ukauone.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Nyanya akarudi kwao, na nilipokuwa chuoni nilimtembelea. Boma zima mahindi tu, hakuna ua hata moja. Nikaanza kumlaani yule bwana, mwizi, mnyang'anyi, asiye na haya. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Yule hakung'oa hata jani, mjukuu wangu. Tulimng'olea sisi. Tena vizuri."

Akacheka, akaniuliza kama nitakula ugali. Mimi sikucheka. Leo nina watoto wawili, na nimewafundisha kupanda, kumwagilia, kupogoa. Kuhamisha mmea sijawafundisha, na sitawafundisha.