Jirani Yangu Mpiga Pasi

Jirani yangu wa mtaa wa Gerezani alikuwa mpiga pasi. Mikono yake ilijaa makovu ya makaa, na kila shati alilomaliza alilipapasa kola huku akiimba wimbo wa kanisani polepole. Asubuhi moja, askari walipowasomba wanaume wasio na ajira mjini ili wawarudishe vijijini kwao bara, mume wake na wangu walipandishwa lori moja. Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka. Yeye alipiga magoti kando ya meza, kisha akainuka, akapuliza makaa, akaendelea na kazi. Nikauonea wivu utulivu wake.

“Wewe huogopi?” nikamuuliza.

“Naogopa, dada. Nimeshamwambia Mungu kwamba naogopa.”

Akakunja shati bila kulitia makunyanzi hata kidogo. Mimi nami nilikuwa nimemwambia Mungu huyohuyo, tena kwa kelele, lakini shati nililojaribu kukunja baada yake likajaa makunyanzi.