Udongo Juu ya Boriti

Mradi uliniajiri kupima unene. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote, na watu wa nyumbani Kondoa walipouliza nafanya nini Dodoma niliwajibu hivyo hivyo, wakadhani ninawaficha jambo. Mwaka mzima niliamka mtaani Kikuyu, nikajifunga mtandio, nikaenda kupima unene wa vitu vinavyofunika vichwa vya watu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ambayo nilipokuwa shuleni yalikuwa na viberiti na rafu tupu, sasa yalijaa hadi barazani. Malori yalishusha mabati ya kila namna, mengi mepesi kiasi kwamba mtu mmoja alibeba kumi kichwani, na kila aliyeuza ng'ombe alitaka paa linalong'aa. Utafiti wetu uliuliza mambo mawili: paa la unene gani linazuia joto la mchana wa Dodoma, na unene huo unailemea nyumba kiasi gani. Lilikuwa swali zuri. Hata sasa naliona zuri.

Bati lilikuwa rahisi. Nililibana kwenye maikromita, nikasoma namba, nikaandika. Bati limetoka mashineni. Ukilipima mahali pamoja ni kama umelipima lote. Mhandisi aliyetuongoza alikuwa amefanya kazi na chuma tangu atoke chuoni. Alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mpole, hodari wa hesabu, na viatu vyake havikushika vumbi hata Dodoma. Sijui alifanyaje.

Tembe ni kitu kingine. Ni nyumba ya Wagogo yenye paa bapa: nguzo, juu ya nguzo boriti, juu ya boriti fito na nyasi, na juu ya vyote udongo. Kila mwaka kabla ya mvua wenyewe huongeza udongo kuziba nyufa. Juu hapo huanikwa uwele na mboga, na mbuzi hupanda wanapotaka.

Tulichagua matembe kumi na manne huko Ihumwa. Nilitundika vipimajoto ndani, nikavisoma asubuhi na saa nane mchana kwa miezi mitatu. Kisha, mwezi wa kumi, ofisi iliyolipia utafiti ikaamua isisubiri ripoti. Tembe ambalo udongo wake umezidi sentimita thelathini lingehesabiwa kuwa hatari, lingepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mwenyewe angelibomoa kabla ya mvua. Mabati ya kujengea upya yangekuja baadaye. Baadaye lini, barua ya ofisi haikusema.

Siku ya kupima unene mhandisi alikuja mwenyewe. Tulianza kwa mama mmoja mjane aliyeishi na wajukuu wanne.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mbukwenyi," akajibu, akiongeza salamu ya Kigogo. "Leo mmekuja na mkubwa wenu."

Mhandisi alisalimia vizuri, akaizunguka nyumba, akasimama penye gogo la kupandia, lile lenye ngazi zilizochongwa kwa shoka. Pale ukingo wa paa ulionekana wote kutoka chini. Alivuta futikamba, akaipachika kwenye ukingo, akasema, "Arobaini na tatu. Andika."

Nikaandika.

"Hapandi?" mama akaniuliza.

"Amepima kutoka hapo chini, mama."

"Anaogopa. Mbuzi wangu mwenye mimba anapanda."

Mhandisi alicheka kwa adabu, tukaenda nyumba ya pili. Kule pia alikwenda moja kwa moja penye gogo la kupandia, na ya tatu hivyo hivyo. Hadi adhuhuri tulikuwa tumemaliza zote kumi na nne. Tisa zilikuwa zimezidi thelathini, na ya yule mama ilizidi zote.

Jioni niliweka jedwali lile kando ya daftari langu la joto, na hapo ndipo lilipoanza kunisumbua. Nilikuwa na vipimajoto viwili ndani ya nyumba ya mama: kimoja katikati, kimoja karibu na ile pembe ya gogo. Ikiwa paa lote lina unene wa sentimita arobaini na tatu, boriti zote zingekuwa zimepinda. Nilikuwa nimeingia humo mara nyingi kuvisoma. Iliyopinda ilikuwa moja tu, ya pembeni.

Asubuhi nilimwambia mhandisi nataka kupima upya, nipande juu, nipime kila baada ya hatua moja.

"Kwa nini? Tumeshapima."

"Tumepima pembe, bosi. Udongo si bati."

"Jedwali linatakiwa Ijumaa. Gari halipo. Weka saini yako, nami niweke yangu."

Fomu ilikuwa na nafasi mbili za saini: aliyepima na aliyehakiki. Sikuweka. Nilisema ningeiangalia kwanza, nikaiweka kwenye mkoba. Mchana huo niliomba lifti kwenye lori la kokoto lililokuwa likienda upande wa Ihumwa, nikiwa na nyundo na nondo nyembamba niliyokuwa nimeichonga ncha na kuikata alama kila sentimita.

Mama alikuwa akipepeta mtama uani. Nilimweleza nilichotaka.

"Unataka kutoboa paa langu?"

"Matundu madogo, mama. Kama arobaini."

"Arobaini! Na mvua ikija?"

"Nitayaziba yote kabla sijashuka."

"Utayaziba mbele ya macho yangu. Nitapanda na wewe."

Akapanda kweli, akiwa na bakuli la udongo uliolowa, miaka yake ikiwa si chini ya sitini. Nilipiga nondo hadi mkono wangu ukahisi imeacha udongo na kugusa nyasi, kwa kuwa hapo mlio hubadilika na nondo hulegea. Nikasoma alama, nikaandika. Mama akachomeka udongo kwenye tundu kwa kidole gumba, akapigapiga.

Katikati ya paa: kumi na tisa. Hatua iliyofuata: ishirini na moja. Kumi na nane. Ishirini. Upande wa kaskazini ulifika ishirini na nne. Hadi tulipokaribia gogo la kupandia, hakuna hata mahali pamoja palipofika thelathini. Hapo pembeni, eneo la hatua mbili kwa tatu tu, nondo ilizama hadi ile arobaini na tatu ya mhandisi.

"Kwa nini hapa ni panene?" nikauliza.

Mama aliniangalia kama ninayeuliza maji yanatoka wapi.

"Unapanda na karai kichwani, unafika hapa, unatua. Halafu ndiyo unasambaza. Kila mwaka unabaki kidogo. Nani ana mgongo wa kusogeza wote?"

Kumbe tulikuwa tumepima uchovu wa kina mama, nyumba kumi na nne, na kuuita unene wa paa. Nilikaa pale juu nikiwa nimekasirika, zaidi kwa ajili yangu kuliko mhandisi. Yeye hakupanda, lakini mimi nilikuwa nimepanda magogo yale mara kadhaa na sikuwa nimeuliza.

Nilishuka nikasoma vipimajoto. Vilikuwa sawa, kama vilivyokuwa kwenye daftari kwa miezi mitatu. Udongo wa ziada pale pembeni haukuwa ukipoza chochote kuliko ule wa katikati. Ulikuwa ukiilemea boriti tu.

"Mama, paa lako ni zuri," nikasema. "Ila pembe ile lazima ikwanguliwe. Ibaki hivi." Nikamwonyesha shubiri moja.

"Kumbe na wewe umekuja kubomoa."

"Ile boriti itavunjika udongo ukilowa. Nisipokwambia nitakuwa nimekudanganya."

Aliingia ndani, nikaondoka bila kuagwa.

Siku iliyofuata nilimpa mhandisi vipimo vyangu vyote, na fomu yake bila saini yangu. Alivisoma kwa makini, namba kwa namba, na nina hakika alivielewa. Kisha akasema kiwango hakitaji wastani, kinataja unene uliopimwa, na ofisi ilikwisha kuambiwa nyumba tisa.

"Wewe ni fundi sanifu. Kazi yako ni kupima, si kuamua."

"Ndiyo maana nimepima."

"Dada, usiniharibie mradi."

"Mradi utaharibika nyumba ikibomolewa kwa namba ya pembeni."

Ijumaa tulikwenda Ihumwa na kopo la rangi. Mwenyekiti wa kijiji alitusubiri kwa mama, na majirani walikuwa wamekuja kuona. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Mhandisi alimkabidhi mwenyekiti fomu na kopo. Mwenyekiti, mzee aliyestaafu reli na aliyezoea karatasi, aliisoma hadi mwisho.

"Hapa panataka saini mbili. Naona moja."

"Atasaini," mhandisi akasema.

"Sisaini," nikasema. Nilisikia sauti yangu imetoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nitasaini vipimo nilivyochukua mwenyewe juu ya paa. Nondo hii hapa. Anayebisha apande tupime naye."

Nilimnyooshea mhandisi nondo. Hakuipokea. Aliangalia gogo, akaangalia viatu vyake, na mtu mmoja nyuma akasema, "Avue, tutamshikia," watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Mimi nilikuwa juu na huyu binti," akamwambia mwenyekiti. "Nimeziba matundu yote kwa kidole changu. Pembe ni nene, kweli. Kwingine hapana."

Mwenyekiti alikunja fomu akamrudishia mhandisi. "Reli haipitishi treni kwa saini moja," akasema, na akaweka kopo la rangi chini bila kulifungua.

Siku hiyo hakuna nyumba iliyopigwa X, ya mama wala zile nyingine nane. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kuondolewa kwenye utafiti kwa kutofuata maelekezo. Niliisaini kuwa nimeipokea, kisha chini yake nikaandika vipimo vyote arobaini na kimoja vya paa lile, pamoja na vile vya pembeni, nikadai nakala yangu. Karani alisema barua haiandikwi juu yake. Nilimwambia hii imeshaandikwa.

Nilirudi Ihumwa kwa gharama yangu mwishoni mwa Novemba, mawingu yakianza kukusanyika. Mama alikuwa juu ya paa na jirani zake wawili, wakikwangua ile pembe kwa majembe na kumwaga udongo uani. Hakunisalimia kwanza.

"Panda basi," akasema. "Umesimama chini kama bosi wako."

Nilipanda, nikapiga nondo penye ile boriti iliyopinda. Thelathini na moja. Bado. Mama aliuliza namba, nikamwambia. Alitema mate pembeni, akashika jembe upya, nami nikavua viatu nikachukua jembe lingine.