Kinyozi Xue Aliyefia Langoni

Katika mtaa wetu wa Mfereji Mkongwe, mtu ambaye hajawahi kufa ujue ni mtu wa kuja. Tangu walipojenga zile ngome za mbao kando ya Ziwa Tai kwa ajili ya tamthilia za wafalme, nusu yetu tumeshachinjwa na makabila ya kaskazini, nusu nyingine imekufa njaa mbele ya lango la ikulu, na jioni wote tumerudi nyumbani kula wali. Mimi Tang, fundi baiskeli, nimekufa katika vita vya enzi zote. Kujisifu si tabia yangu, lakini hakuna aliyekufa vizuri kama mimi. Shule tuliachana mapema, hatukuwa tunaelewana, ila kufa nilikuweza.

Mtu mmoja tu mtaani alikataa kufa kama sisi. Naye ni Xue Shougen, kinyozi. Yeye alikufa jenerali.

Tamthilia yenyewe ilikuwa Theluji Juu ya Lango la Magharibi. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza, karibu miaka thelathini sasa, mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja ya maana, ya kwa Mama Ruan, ndogo kama kizimba cha kuku, na chenga za kwenye kioo zilikuwa nyingi kuliko theluji ya kwenye hadithi. Tulijaa uani, wengine juu ya ukuta. Jenerali Huo alipobaki peke yake langoni, mishale kifuani, akaegemea mkuki wake akafa wima, wauza samaki walilia. Mama Ruan alilia, yeye ambaye mama mkwe wake alipokufa aliuliza tu kama chai ipo.

Kesho yake Xue akafungua duka lake, akanoa wembe, akamwambia mteja wa kwanza, "Ulimwona? Yule langoni ni mimi."

Akaeleza kwamba siku ile mwigizaji mkubwa alishikwa na homa, yeye Xue akavishwa deraya yake. Sauti walimwekea ya mtu mwingine, kama kawaida yao. Na sisi tulikuwa tumeona nini? Kofia ya chuma na ndevu. Mtu mwenye ndevu kiasi kile anaweza kuwa yeyote, hata mjomba wako. Halafu fikiria: habari yenyewe unapewa umelaza shingo na wembe uko kooni. Nani angebisha?

Basi akawa Jenerali. Picha ya Jenerali Huo, iliyokatwa kwenye kalenda, ikakaa ukutani juu ya kioo chake, na watoto wakanyolewa chini yake hadi wakawa wazazi.

Sasa sikia. Mke wa Xue alifariki miaka kadhaa iliyopita, maskini, na duka linalopakana na la Xue ni la Bi Caiying, mjane, muuza tofu, ile jibini ya soya. Mwanamke mwenye mikono myeupe kwa kushinda kwenye maji ya soya, na ulimi usiohitaji kunolewa. Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, Xue akajipaka mafuta ya nywele, akaenda kusimama mbele ya meza yake. Mimi nilikuwa hapo naziba pancha, na masikio yangu hayana pancha.

"Dada Caiying," akasema, "wewe uko peke yako, mimi niko peke yangu, na ukuta unaotutenganisha ni mwembamba kuliko tofu yako."

"Tofu yangu si nyembamba."

"Ni namna ya kusema tu."

"Basi sema namna nyingine."

Xue akasema namna nyingine, waziwazi, kwamba anataka kumwoa. Caiying akafuta meza polepole.

"Kaka Shougen, kabla ya marehemu mume wangu nilimpenda mwanaume mmoja tu duniani, yule aliyekufa wima langoni. Wanairudia Jumapili sehemu ile. Wameisafisha, wanasema sasa hata chunusi inaonekana. Tutaangalia wote. Nikikuona pale, nitakupa jibu siku hiyohiyo."

Mwanaume mwingine angeruka kwa furaha. Xue aligeuka rangi ya tofu.

Jioni akanijia, akainama kama anayekagua gurudumu. "Kaka Tang, wewe unajua mambo ya nyaya. Mtu anaweza kukata..."

"Kukata nini?"

"Si kukata. Kulegeza. Jumapili kidogo tu."

"Uzime umeme wa mtaa mzima usionekane uso wako? Jenerali, nenda kafe kishujaa."

Akaenda kwa Mama Ruan, ambaye siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akamshauri kwamba skrini kubwa huharibu macho ya wazee. Mama Ruan akamshukuru kwa kujali, akaazima skrini kubwa zaidi. Tena akatundika kitambaa chekundu mlangoni mwa chumba cha wazee: KARIBUNI TUMUENZI JENERALI WETU. Mwenyekiti wetu hata akimtafuta paka aliyepotea, kwanza hutundika kitambaa chekundu.

Jumapili mchana chumba kilijaa chai na mbegu za alizeti. Xue akakalishwa mbele, Caiying pembeni yake. Mara mfalme akatokea, na mzee mmoja wa nyuma akaanza wimbo wetu wa siku zote: "Hii ndiyo tamthilia! Za siku hizi ni poda na midomo. Hii ni historia yenyewe, hakuna kilichokosewa."

Hapo mfalme akanyanyua mkono kuamuru vita, na mkononi ana saa.

Waziri akaegemea nguzo ya ikulu, nguzo ikayumba. Wapanda farasi wakapita na viatu vya raba. Theluji ilikuwa chumvi, tena ya mawe, ile ya kutilia kabichi.

"Na ile nyuma ya mlima si nguzo ya umeme?" akauliza Mama Ruan. "Mbona zamani hatukuiona?"

"Zamani tulikuwa tunalia," nikamjibu. Nawaambia, mimi nikisema jambo, limesemwa.

Lakini likaja lango. Ngoma zikanyamaza, Jenerali Huo akabaki peke yake, na haki ya Mungu, nguzo ya umeme tukaisahau. Picha ikasogea hadi ukaona vinyweleo vya pua. Ndevu zile zile, kofia ile ile, na katikati yake uso wa yule mwigizaji mkubwa, mzima, hana homa wala mafua. Haukuwa wa Xue, hata kwa binamu.

Mbegu zikaacha kutafunwa.

"Huenda..." akaanza Xue.

"Simamisha hapo!" Mama Ruan amesimama. Vile visanduku vya siku hizi huisimamisha picha na kuirudisha nyuma kama unavyorudisha baiskeli. "Rudisha. Mtazameni huyu maiti wa chini."

Miguuni pa Jenerali palikuwa na maiti amelala chali, mdomo wazi, chumvi imejaa sikioni. Na chini ya taya lake kuna chunjua kubwa kama dengu, ambalo kila mwanaume wa mtaa huu amelitazama tangu utotoni akiwa amelazwa kwenye kiti cha kinyozi.

Ningekuwa na huruma ningenyamaza. "Endesheni kidogo," nikasema.

Wakaendesha. Jenerali akachomwa mshale wa mwisho, akaegemea mkuki. Na yule maiti, taratibu, akafumbua jicho moja. Akachungulia juu. Akalifumba.

"Anachungulia!"

"Marehemu Xue, hujambo!"

"Rudisha tena! Rudisha!"

Tulicheka hadi chai ikamwagika. Mzee wa nyuma alisema katika historia yote hajaona maiti mwenye umbea kiasi kile. Jenerali wetu alikuwa amejikunja kwenye kiti, shingo imeingia kwenye kola.

Caiying peke yake hakucheka. Alimgeukia, akauliza polepole, "Na bahasha uliitumia?"

Kicheko kikakatika kama kamba.

Maana hilo ni jambo letu la kweli. Kufa kwa kuigiza si mchezo: anayelazwa maiti hupewa bahasha nyekundu yenye hela kidogo, na hela hiyo lazima itumike siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kwa kitu cha kula au cha kuunguza. Haivuki kizingiti cha nyumba. Ukiivusha, umeleta kifo kwako, ukakipa na kiti. Mimi zangu zote nilizimaliza kwa bia, palepale mlangoni mwa ngome, kwa kuzingatia mila.

"Bahasha ipi?" Xue akasema.

"Shougen."

"Asubuhi ile nilikuwa nimewatambia watu kwamba mimi siendi kufa kama wengine," akasema, sauti imekwisha. "Wale wa kantini walinijua wote. Ningewezaje kununua soda na hela ya maiti mbele yao? Nikasema nitaitumia kesho."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya picha. Kwenye kalenda."

Dukani! Juu ya kioo! Wote tulishika shingo zetu. Papo hapo mtaa ukaanza kukumbuka. Mama Ruan akakumbuka nyonga yake. Mwingine akakumbuka mfereji ulivyofurika. Mzee wa nyuma akasema kipara chake kilianzia kwenye kiti kile. Na mimi nina baiskeli iliibiwa, nzuri, nikaanza kuelewa.

Caiying akavaa koti lake. "Uongo nimeuzoea, nimewahi kuwa na mume. Lakini mimi nimeshazika mmoja. Siolewi na mtu ambaye bado amelala pale langoni." Akatoka.

Xue aliinuka, akaenda dukani, akapanda kiti, akachomoa bahasha nyuma ya Jenerali. Jua lilikuwa bado halijazama, ingawa mvua ilikuwa imeanza. Ndani mlikuwa na noti ya kijani ya yuan mbili, ile ya zamani iliyokwisha kuondolewa. Akaanza kuzunguka nayo mtaani, na sisi nyuma yake, kwa heshima, mbali kidogo.

Muuza matunda akainua kibao cha kulipia kwa simu. "Skani, Mzee Xue. Noti sipokei."

"Nipe hata pea moja. Chenji bakia nayo."

"Chenji ya kifo? Mama yangu ni mgonjwa!"

Muuza sigara alifunga dirisha. Mwenye duka la fataki alifunga duka. Akanigeukia mimi. "Kaka Tang, niuzie hata kiraka."

"Kiraka hakiliwi wala hakiunguzwi," nikasema, nikarudi hatua kadhaa. Mila ni mila.

Mwisho wa mtaa ni meza ya tofu. Caiying alikuwa anafunika ndoo zake. Xue akasimama mbele yake na noti mkononi, hana mafuta ya nywele tena, mvua imeyaosha.

"Kwa nini ulifumbua jicho?" Caiying akamuuliza.

Xue akafikiri. Nilidhani atatunga. Nawajua vinyozi.

"Nilitaka kuona," akasema. "Nilikuwa miguuni pake, dada. Hakuna aliyekuwa karibu kuliko mimi. Nchi nzima itamwona anakufa, na mimi niliyeko hapo nimeambiwa nifumbe macho. Nikaona aibu. Nikachungulia mara moja tu. Alikuwa analia kweli, chumvi inamwingia machoni lakini analia kweli. Nilipofika nyumbani, nikimwaza, nikasema kama siwezi kuwa yule, basi angalau niseme ni mimi."

Mvua ikaendelea kunyesha.

Caiying akachukua ile koleo ya kuopolea tofu za kukaanga, akaikamata noti kwa ncha kama mtu anayemtoa jongoo kitandani, akaitupa chini ya sufuria, motoni. Kisha akakata tofu, kipande kikubwa, akakiweka juu ya jani la kabichi, akamkabidhi.

Tukaelewa wote kwa pamoja. Maana kwetu, mkitoka kumzika mtu, mnakula nini? Tofu.

"Mmesimama nini?" akatufokea. "Mtu wenu amelala langoni miaka yote hii hajafanyiwa matanga! Leteni vitunguu!"

Basi tukamfanyia. Meza ikawekwa katika duka la kinyozi, picha ya Jenerali ikashushwa, tofu ikapikwa na vitunguu na tangawizi. Mama Ruan alimsifu marehemu kwa hotuba ndefu yenye vipengele, akataja mchango wake katika ulinzi wa mpaka wa magharibi. Mimi nilisema alikuwa maiti mwenye bidii, ila hakupata mwalimu mzuri, angeniuliza mimi. Marehemu mwenyewe alikula bakuli mbili, analia na kucheka, chumvi ikawa haihitajiki.

Chakula kilipokwisha, Caiying akakusanya bakuli. Xue akamsogezea yake.

"Jenerali nimemzika," akasema Caiying. "Nilimpenda, lakini jeshi lake lilivaa viatu vya raba. Kinyozi bado yupo?"

"Yupo," akasema Xue.

"Basi kesho alfajiri aje anisagie soya. Saa kumi. Akichelewa, nitajua naye alikufa."

Alifika kabla ya saa kumi. Walioana kabla ya majira ya baridi, ukuta wameuvunja, sasa ukinyolewa unanukia tofu. Na usidhani amepona. Juzi nimelala kitini pake, wembe uko kooni, akaniambia katika ile tamthilia nzima maiti walikuwa wengi, lakini ni mmoja tu nchi nzima inamkumbuka jicho lake.

Ningembishia. Lakini wembe ulikuwa kooni.