Njia Tupu ya Saa Mbili Asubuhi

Kazini walimwita Taratibu, na hakuwahi kuchukia. Miaka yote aliyoendesha basi la abiria kati ya miji miwili, wenzake walimpita wakimpigia honi za kejeli, naye akawainulia mkono wa salamu na kuendelea na mwendo wake. Walifika kabla yake, ni kweli. Lakini wengi wao walijuana na askari wa barabarani kuliko walivyojuana na mashemeji zao, na Taratibu alistaafu bila kuandikiwa kosa hata moja. Siku ya kuagwa meneja alimkabidhi cheti, wakapigwa picha wameshikana mikono mbele ya ukuta wa ofisi. Ukiitazama picha ile ungedhani mzee alikuwa mhasibu.

Hiyo ndiyo picha pekee ya kazi aliyokuwa nayo, akaitundika sebuleni, na mkewe, fundi cherehani, hakuipenda. "Basi lenyewe liko wapi?" aliuliza. Katika ndoa yao yote hakuwahi kupanda basi la mumewe. Alfajiri mume alitoka yeye akiwa bado kitandani, jioni akarudi yeye akiwa bado kwenye cherehani. Wateja aliwaambia kwamba kazi ya mumewe anaijua kwa harufu ya dizeli tu.

Basi, ikapigwa simu kutoka ng'ambo. Binti yao, muuguzi aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua kabla ya wakati. Mama mtu alikuwa ameshaapa hapandi chombo kisichogusa ardhi, kwa hiyo aliyefungasha begi ni Taratibu, na leseni yake ya kimataifa akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Mjukuu alimkuta ndani ya sanduku la kioo. Alikuwa mdogo mno, wa kutosha kiganjani, na mipira myembamba imemzunguka, na juu ya sanduku taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka na kuzimika kila mtoto alipovuta pumzi. Taratibu alivua kofia. Alisimama pale akiihesabu ile taa mpaka muuguzi wa zamu akamletea kiti, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kushangaa. Alishangaa milango iliyofunguka yenyewe, alishangaa sakafu isiyo na alama ya kiatu, akashangaa zaidi kwamba kuna watu duniani kazi yao ni kukesha na pumzi ya mtoto wa mwenzao.

Kazi ya babu ikapangwa. Binti alilala hospitali, na chakula cha huko kilimshinda. Mumewe, fundi wa lifti, aliondoka na treni mapema. Hivyo kila asubuhi Taratibu angepika, angetia kwenye hotpoti, angechukua gari la binti yake na kumpelekea. Siku ya kwanza mkwe alimtembeza njiani kumwonyesha. Kijana huyu alikuwa mwenyeji wa nchi ile, na Kiswahili alifundishwa na mkewe mezani na jikoni, neno moja moja. Alikisema kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai.

Walipofika barabara kuu akaonyesha upande wa pembeni, uliopakwa rangi nyekundu. "Baba, hii njia ya mabasi. Saa saba mpaka saa kumi, gari ndogo hapana ingia. Saa nyingine, ruksa."

"Saa saba mpaka saa kumi," Taratibu alirudia.

"Ndiyo, Baba. Kuna kibao."

Kibao kilikuwepo kweli, kimeandikwa 7–10, na pembeni vijiherufi ambavyo mzee hakuhangaika navyo. Kwao mtu akisema saa saba, mkono wa saa unakuwa kwenye moja. Lakini huku, aliwaza, wenzetu wameamua kuandika vilevile wanavyosema. Akaona ni jambo la busara sana.

Asubuhi ya pili, saa mbili, aliingia barabara kuu peke yake. Magari yalikuwa yamefungana mpaka upeo wa macho, na pembeni yake njia nyekundu imelala tupu, imefagiliwa, haina hata jani. Taratibu hakuamini macho yake. Maisha yake yote aliendesha basi kwenye barabara ambayo ilibidi agombanie na mikokoteni, mbuzi na malori yaliyokufa. Na hapa palikuwa na watu waliokaa wakafikiri, wakasema: mwenye basi naye apewe njia yake. Machozi yalimlenga, na wala hakuona aibu. Akawasha taa ya kugeukia, akaingia.

Ilikuwa raha isiyoelezeka. Mabasi yalimjia nyuma yakampigia honi, naye akashangaa kwamba madereva wa ugenini wamemtambua mwenzao bila kuambiwa. Kila honi aliijibu kwa mkono. Hata nguzo moja ilimmulika mwanga mweupe, akadhani ni jua limepiga kioo. Wale waliojazana kwenye foleni aliwahurumia, akajiambia pengine wageni ni wengi mjini na hawajui ratiba. Alifika hospitali chakula kikiwa bado kinafuka moshi.

"Baba, umepaa?" binti aliuliza.

"Nimekuja taratibu tu, mwanangu."

Mchana wakati wa kurudi, saa nane, hakuisogelea njia nyekundu hata kwa dawa. Alikaa kwenye foleni mikono juu ya usukani, akiyatazama magari madogo yakimpita kwenye njia ya mabasi bila haya. Akatikisa kichwa. Kumbe hata huku wahuni wapo.

Akafanya hivyo kila siku, mpaka mtoto alipotoka kwenye kioo na kuletwa nyumbani, akiwa na mashavu.

Barua zilianza kufika wiki hiyohiyo, na hazikuja moja moja. Binti alizifungua amekaa kitandani na mtoto begani, na kila aliyoifungua ilimwondolea rangi usoni. Kila moja ilikuwa na picha: gari lake, njia nyekundu, saa mbili asubuhi. Faini ingelipika kwa kujibana. Kilichomtoa jasho ni alama. Nchi ile kila kosa lilimwekea mwenye gari alama kwenye leseni, na zikifika kiwango, leseni inachukuliwa. Zake, kwa barua hizi, zilikuwa zimepita kiwango. Na yeye kazi yake ni kuzunguka na gari nyumba hadi nyumba kuwahudumia wagonjwa wasioweza kutoka vitandani. Muuguzi wa aina hiyo asiye na leseni hana kazi.

"Kuna mahali pa kwenda kujieleza," alisema. "Tukiwathibitishia nani alikuwa anaendesha, alama zinahamia kwake."

Mkwe alikuwa amejua tangu barua ya kwanza, na ulimi ulikuwa umemganda. Alikuwa amemwambia mzee kwa mdomo wake, na mzee amepuuza, na atawezaje kumsuta baba mkwe? Taratibu naye aliamini mashine ya kupiga picha barabarani imeharibika, na hakutaka kuikashifu nchi ya mkwe wake mbele ya mwenyewe. Hivyo wakawa wanapishana sebuleni kwa heshima kubwa, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mwishowe mkwe akapiga moyo konde. "Baba, mimi nitasema ilikuwa mimi."

Taratibu alichukua picha moja akaisogeza dirishani. Alikuwa hajaitazama vizuri, na alipoitazama akabaki kinywa wazi. Kofia yake ilionekana, mpaka uzi uliofumuka. Kifungo cha shati kilichokosekana kilionekana kimekosekana. "Mkwe wangu," alisema polepole, "una moyo mzuri. Lakini hii mashine imehesabu mvi zangu. Twende wote, niseme mimi mwenyewe."

Wakaenda wote, mtoto akiwa amefungwa kifuani kwa mama yake. Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki na tangi la samaki, na afisa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alizichukua barua zao, akazipanga picha mezani. Binti akawa mkalimani.

"Anauliza, hukukiona kibao?"

"Nilikiona. Saa saba mpaka saa kumi. Saa hizo sikuingia hata siku moja, nilikaa foleni kama watu. Mimi nilipita saa mbili."

Binti alifungua mdomo kutafsiri, akaufunga. Akamgeukia baba yake. "Saa mbili ipi?"

"Ya asubuhi. Si unaliona jua la asubuhi hapo pichani?"

"Na saa saba, ipi?"

"Saba ya mchana, mwanangu. Watu wakitafuta chakula. Una nini?"

Binti alimgeukia mumewe, taratibu sana, kama baba yake anavyokata kona. "Wewe ulimwambia saa ngapi?"

"Saba," mkwe alisema, akihesabu kwa vidole juu ya goti. "Moja, mbili, tatu… saba. Saba si saba?"

Binti alicheka mpaka akashika tumbo, kidonda cha upasuaji wa kujifungua kikimuuma, na machozi yakamdondokea mtoto kichwani. Chakula alimfundisha mumewe, salamu na majina ya ndugu wote alimfundisha. Saa hakumfundisha, kwa sababu nyumbani waliitazama tu ukutani, hawakuitaja kwa mdomo.

Kisha akamweleza afisa. Maelezo yalikuwa marefu na mikono ilihusika. Afisa alivua miwani.

"Anasema hajaelewa. Siku yetu inaanza lini?"

"Mwambie inaanza jua likitoka," Taratibu alisema. "Likishatoka na kumaliza saa yake ya kwanza, hiyo ndiyo saa moja. Sasa angependa tuanze kuhesabu katikati ya usiku, watu wamelala, nani anahesabu?"

Afisa aligeuka akaitazama saa ya ukutani, mkono ukiwa kwenye mbili, akauliza kitu kwa sauti ya chini.

"Anauliza, sasa hivi kwetu ingekuwa saa ngapi."

"Nane."

Yule mama aliendelea kuitazama saa yake kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Halafu akasema, na binti akatafsiri neno kwa neno: amekaa kwenye kiti kile akisikiliza kila aina ya uongo, na huu hakuna mtu angeweza kuutunga. Tena picha zote zimepigwa kabla barua ya kwanza haijafika, na mtu hawezi kujirekebisha kabla hajaambiwa. Atayahesabu yote kuwa kosa moja. Lakini kosa ni kosa, mwenye kosa aweke saini yake hapa, na asishike usukani tena mpaka arudi kwao.

"Na leseni ya binti yangu?"

"Iko salama, Baba."

Taratibu alichukua kalamu. Yeye aliyemaliza kazi bila doa, doa lilikuwa linamsubiri ugenini, na wino ni wake mwenyewe. Akamtazama mjukuu aliyelala na mdomo wazi, akasikiliza pumzi yake, ambayo siku hizi haikuhitaji taa. Akatia saini.

Walipoinuka, akakumbuka. "Muulize, zile honi za mabasi. Zilikuwa ni salamu?"

Afisa hakuhitaji muda kujibu. "Zilikuwa matusi, Baba," binti alisema, akiuma midomo.

Taratibu alilipokea hilo kiume. Kisha akaomba kitu ambacho, kwa maelezo ya afisa, hakijawahi kuombwa katika ofisi ile: apewe picha aondoke nazo.

Jioni binti aliinakili moja ya picha hizo kwa simu yake, akamtumia mama yake. Haukupita muda, simu ikalia. Taratibu aliipokea akiwa amejiandaa, maana mkewe akikupata na kosa hakuachii mpaka amekuchambua kama pamba.

Lakini upande wa pili alisikia cherehani ikisimama.

"Hotpoti umeifunga mkanda," mkewe alisema mwishowe.

"Isimwagike."

"Na mkono umeinua. Unamsalimia nani?"

"Wenzangu, wa mabasi. Kumbe walikuwa wananitukana."

Mkewe hakucheka. "Mbona unatabasamu hivyo? Saa mbili ya asubuhi. Mimi hapa nyumbani sijawahi kukuona unatabasamu hivi saa mbili ya asubuhi."

"Njia ilikuwa tupu," Taratibu alisema. Hakuwa na namna nyingine ya kueleza.

"Miaka yote nimelala pale nikisikia unafunga mlango," mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa nakuonea huruma. Nikisema, mume wangu anakwenda kuteseka. Kumbe ulikuwa unakwenda kuwa huyu."

Taratibu alivua kofia.

"Hiyo picha uje nayo," mkewe alisema. "Ile ya meneja naishusha leo."