Samaki Mbichi Mezani kwa Mama Mkwe

Jameni, hii nawaambia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu hapa Homa Bay nusu ya kanisa tayari inaijua, lakini hata leo nikiona wali umeshikana kwa sufuria nasikia aibu inanipanda mpaka masikioni.

Mnajua mimi ni Mkuria wa Ntimaru, nimezaliwa Mkatoliki, nikaolewa na Omondi ambaye kwao ni Wasabato kabisa, wale hata chai ya majani hawagusi. Mama yake hakunitaka. Hakuwahi kunitusi, hapana, ila tangu tuoane hakutia tonge la nyumba yangu mdomoni. Akija mjini anakaa kidogo, anaomba dua, anaenda zake. Na kwao, mama asiyekula kwako hajakukubali, hiyo haina maneno mengi. Basi nilipobatizwa Msabato (ziwani, na baridi ile!), akatuma ujumbe kwamba Sabato inayokuja, ibada ikiisha, atakuja kula kwangu pamoja na wamama wawili wa kanisani. Nililia kwa furaha.

Sasa badala ya kukaanga ngege, samaki wetu wa ziwani, na kusonga ugali kama mtu mwenye akili, nikaingia kwa simu. Huko nikaona Wajapani wanaviringisha wali na samaki, wanakata vipande vizuri, na chakula chenyewe kinaliwa baridi. Baridi! Nikasema hii ndiyo ya Sabato, natengeneza Ijumaa kabla jua lizame, kesho siwashi hata kiberiti. (Mtu aliyebatizwa juzi hushika dini kwa meno, msinicheke.) Ule mwani wao mweusi sikupata, nikatumia majani ya sukuma wiki niliyochovya kwa maji moto. Ngege nikamwacha mbichi, nikamkamulia ndimu tu, kwa sababu yule wa kwa simu hakumpika, na mimi ni nani nimrekebishe Mjapani? Nikaweka yote kwa friji. Stima ikapotea, ikarudi asubuhi, nikajiambia si kitu.

Wageni wakafika, wakaombea chakula mpaka jina langu likatajwa kwa dua. Nikaweka sinia mezani. Wakaangaliana.

"Na ugali iko njiani?" mmoja wa wale wamama akauliza kwa heshima.

"Hapana Mama, leo ni chakula ya Japani."

Mama mkwe akachukua kipande. Omondi akanitabasamia, nami nikasema leo ndiyo leo. Mama akakigeuza, akakivunja kwa vidole, akanusa.

"Rech manumu?" Akaniangalia, akaniita binti wa Ntimaru kwa Kijaluo chao. "Nyar Ntimaru, huyu samaki hajaona moto?"

Nikajieleza mbio mbio, kwamba ni Sabato, kwamba sikutaka kuwasha moto. Angenigombeza ningevumilia, lakini alinihurumia, na hapo ndipo niliisha.

"Mtoto wangu, nani alikwambia kupasha chakula ni dhambi? Mimi mwenyewe napasha."

Wueh! Nikanyakua sinia, nikakimbia jikoni nikaange vile vipande, vikafumuka kwa mafuta, sukuma huku, wali kule, moshi ukatoka dirishani mpaka jirani yangu Mama Akinyi akaja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Akapata wageni wanakohoa, na njaa inawauma.

"Woi, kwangu kuna ugali na omena, kujeni tu."

Wakainuka. Na mama mkwe akainuka. Nikabaki dirishani na mwiko mkononi, nikamwona akinawa, akila wale dagaa, akiongezwa. Omondi peke yake ndiye alikula kwangu siku hiyo, kwa mapenzi tu, na tumbo likamlaza.

Nimeapa: mgeni wa kwanza mpe anachokijua, maajabu yako yangoje mzoeane. Siku hizi kila Sabato kuna ngege wa kukaangwa nyumbani kwangu, na ugali. Na mama mkwe akija mjini anakula, tena vizuri. Anapita mlangoni pangu, ananisalimia kwa upole kabisa, halafu anaingia kwa Mama Akinyi.