Siku Nilipoipoteza Besi ya Mzee Onchiri

Jamani, hili jambo hata ndugu zangu huniomba nisilisimulie mbele ya wageni, lakini ninyi si wageni, kwa hiyo chekeni tu, mimi nimeshazoea. Mimi ndiye yule fundi wa redio wa Ikonge aliyempotezea mzee wa watu sauti yake mchana kweupe mbele ya umati, halafu akamrudishia, na huko kumrudishia ndiko kulikoniumbua zaidi.

Ilikuwa miaka ya sabini, kaseti ndio zimeanza kuingia kwetu, nami nilikuwa nampenda Kemunto kupita kiasi. Baba yake, Mzee Onchiri, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa la Wasabato na ndiye aliyeongoza besi (besi ambayo watu walisema inatikisa madirisha, walisema hivyo mbele yake). Mkwe fundi wa redio hakumtaka hata kumsikia. Basi ilipotangazwa harambee ya kuezeka shule, nikaona mlango umefunguka: nikajitolea kupiga nyimbo za kwaya yake kwa kaseti kutoka kwenye gari la amu yangu, liite watu kabla kwaya yenyewe haijasimama kuimba. Mzee akakubali. Akaniambia, "Tutaona, kijana."

Nikatengeneza boksi la spika la kukaa kwenye buti la gari. Mbao nilipata za makasha ya chai kutoka Itumbe (nikazigundisha mbilimbili, maana moja ilikuwa inatetemeka kuliko spika yenyewe), nikafunga spika moja kubwa ya inchi kumi na mbili, ndani nikatandika sufi ya mto wa mama (mpaka leo hajui mto ulikwenda wapi), na mbele nikatoboa tundu la kutolea hewa, nikalitia bomba la bati. Siri yote iko kwenye hilo bomba. Likiwa refu mno besi inanguruma tu bila maneno, likiwa fupi mno inalia kama debe, kwa hiyo nikawa nakata kidogo, nasikiliza, nakata tena, siku nne nzima, mpaka Ijumaa mchana besi ikatoka nzito na laini, nikaisikia tumboni. Mwenye akili angefunga buti akaenda kuoga.

Jumamosi ni Sabato, sikugusa kitu. Jumapili asubuhi, siku yenyewe ya harambee, nikaongeza spika ya pili. Msiniulize kwa nini! Niliona kama moja inatoa besi ile, mbili zitatoa mara mbili, na mzee atanipa binti papo hapo. Nikakata tundu jingine, nikaunga waya harakaharaka, zote nyeusi, bila alama, bila kujaribu.

Uwanja umejaa. Nikageuza buti likaelekea watu, nikabonyeza. Soprano ikatoka, kali kabisa. Alto ikatoka. Tenori ikatoka. Besi, hakuna. Sisemi ilikuwa ndogo, nasema haikuwepo. Nikaongeza sauti, akina mama wakazidi kupaa na besi ikazidi kutokuwepo. Nikachomoa kaseti nikaitazama pande zote mbili, sijui nilidhani mzee amedondoka humo, nikairudisha. Vilevile. Ijumaa spika moja ilinijaza tumbo, leo ziko mbili na hakuna kitu. Akili yangu ikagoma kabisa.

Mzee Onchiri akaja polepole, suti nyeusi, kofia mkononi.

"Kijana, mimi niko wapi?"

"Uko ndani, Baba."

"Ndani wapi? Nasikia mke ya Nyang'au. Nasikia hata yule wa kukohoa. Mimi umenitoa kwa kwaya yangu?"

Nikamwambia boksi linavuja hewa. Nikaomba kipande cha sabuni dukani nikaziba viungo vyote. Hakuna kitu. Mmoja akasema ni betri, mwingine akasema gari limeishiwa petroli (gari limesimama, jamani!), nikachomoa bomba, nikachukua msumeno nikaanza kupanua tundu huku wimbo unaendelea na vumbi la mbao linanijaa mdomoni. Kemunto akaja nyuma yangu akanong'ona, "Wewe, wacha kukata. Watu wanacheka." Nikaendelea kukata.

Hapo kiwiko changu kikanasa waya wa spika mpya, ukachomoka, na Mzee Onchiri akatoka.

Alitoka mzima mzima, sauti nimeshaifungulia mpaka mwisho, akajaa uwanja. Na Ikonge nzima, kwa mara ya kwanza, ikamsikia vizuri, ikasikia kwamba anaimba chini ya noti, hafiki kwenye tuni ya wenzake. Si mara moja. Mstari baada ya mstari, kwa uhakika kabisa, yeye peke yake huko chini. Kanisani sauti arobaini zilikuwa zinamfunika; boksi langu liliipandisha besi juu ya zote. Na mimi Ijumaa nilikuwa nasikiliza boksi, sikuwa nasikiliza mtu.

Kicheko kilikatika. Mchungaji akatazama viatu vyake.

"Hiyo ni mimi?" mzee akauliza.

"Betri, Baba. Betri ikichoka…"

"Zima."

Kwaya iliposimama kuimba, aliongoza kwa mkono tu, midomo ameifunga. Hilo liliniuma kuliko kucheka kwa watu wote.

Jumatatu nikapeleka boksi Kisii mjini kwa Bwana Salim, muuza vipuri aliyeniuzia spika. Akalitazama dakika moja. "Umepishanisha waya, kijana wangu. Hii inasukuma hewa, hii inaivuta. Zinakulana." Waya mbili tu!

Kemunto nilimpata, lakini baada ya miaka miwili, na siku ya mahari mzee alisema, "Ng'ombe sikatai. Hiyo boksi isifike kwangu." Harusi yetu iliimbwa kwa midomo. Katikati ya wimbo wa pili Mzee Onchiri, ambaye tangu harambee hakuwa ameimba hata kanisani, akafungua mdomo. Chini ya noti, palepale. Kemunto akaanza kulia kwa furaha, watu wote wakanigeukia mimi fundi waone nitafanya nini, nami nikaimba pamoja naye, huko huko chini, kwa nguvu zangu zote, ili asiwe peke yake.